Mazoezi ya Kumvusha Mama Rosalie

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi ya kukata masikio, lakini mimi natoka jasho la furaha. Papa Mwepu, baba yake Orpha, amekubali! Jumamosi ya tarehe 19 nakwenda kupiga hodi ya uchumba kwao Orpha, kando ya ziwa, upande wa Mwadingusha. Nitakwenda na wazee wa ukoo, na kreti za bia, na suti yangu ya bluu. Orpha mwenyewe alishakubali tangu Pasaka. Ni fundi wa nguo pale sokoni Likasi, na akianza kucheka hata cherehani inasimama.

Kuna sharti moja dogo. Katika ukoo wao, mwanamume anayetaka binti lazima amvushe mama mkwe kwa mtumbwi, wenyewe wanauita bwato, yeye peke yake, kutoka kivukoni mpaka nyumbani kwao ng'ambo. Papa Mwepu alimvusha wa kwake. Baba yake vilevile. Ukishindwa, bia inarudi mjini pamoja na wewe, na binti anabaki kwao. Papa Mwepu hajawahi kurudi nyuma kwenye neno lake tangu azaliwe.

Tatizo: mimi Bertin ni agent wa pointage kiwandani. Kazi yangu ni kuandika nani kaingia na nani kachelewa. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kukaa ndani ya mtumbwi. Maji nayafahamu ya kwenye ndoo.

Orpha alinishika mkono akaniambia niende kwa kaka yake Benoît, mvuvi, jioni mbili tatu tu, anifundishe kushika kafi. Akasema anataka kuolewa na mimi, si na mwingine, basi kwa mara hii moja nisilete mipango yangu. Mipango yangu! Nilicheka sana. Mtu mwenye diplôme d'État, cheti cha sekondari, aende kukemewa na Benoît mbele ya wavuvi wote, suruali imekunjwa magotini? Nikamwambia aniachie mimi. Akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kwa nguvu. Nadhani ameridhika.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata! Nimepata! Dukani kwa Moussa, nyuma ya magodoro.

Moussa anauza magodoro, mabeseni na chupa za chai. Kuna injinia mmoja alirudi kwao Ulaya, akaacha vyombo vyake vyote, na Moussa akavichukua. Katikati yake kuna kidude kirefu: kiti kinachoteleza juu ya reli, mnyororo, na mpini wa kuvuta. Moussa aliamini ni kiti cha wagonjwa wa mgongo. Mke wake Fatou alikuwa anaanikia vitenge juu yake. Mimi nikakipiga picha, nikatafuta kwenye simu, na jibu likaja papo hapo. Ni rameur. Mashine ya kupiga makasia ndani ya nyumba! Kumbe Wazungu wanavuka maziwa wakiwa sebuleni, soksi kavu kabisa. Na video za kufundishia zipo, tele, kila moja na mwalimu wake.

Moussa amekubali niitumie, ila kwa sharti kwamba haitoki dukani. Nifanyie mazoezi pale pale karibu na mlango, watu waone, wavutiwe, waingie. Nilimjibu kwa hasira kwamba mimi si sanamu ya kuvalishwa shati. Akasema basi niende ziwani. Nimekubali kuanza kesho.

Mpango huu hauna tundu. Nitafundishwa na bingwa wa dunia, bila kulowa, bila Benoît. Nalala na tabasamu.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya kwanza. Makalio yanawaka.

Mwalimu wangu ana ndevu nyekundu na suruali iliyombana mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Anaongea Kiingereza, nadhani. Sijui hata neno. Lakini mwili ni mwili. Sukuma miguu, lala nyuma, vuta mpini mpaka kifuani, toa pumzi kwa nguvu: fuuu! Halafu teleza mbele, magoti juu, anza tena. Mwanzo wa kila video anakaa akieleza eleza mambo huku ananyoosha vidole. Hapo naruka, ili kuokoa mega za simu. Nani anasikiliza utangulizi?

Katika video ya pili yuko kwenye mashua ya kweli, na hapo nikagundua siri kubwa. Anakwenda kinyumenyume! Mgongo unatangulia, uso unatazama alikotoka. Makasia yake mawili yamefungwa kwenye vyuma pembeni, kwa urembo bila shaka. Nikafikiria wavuvi wote wa Mwadingusha, maskini, miaka yote wamekaa vibaya, na hakuna aliyewaambia.

Watu walijaa mlangoni. Mama mmoja aliuliza kama mashine inasaga mahindi. Mwingine alimwuliza Moussa nimeugua nini na tangu lini. Na ghafla, nani? Zéphirin. Huyu ni dereva wa taxi-bus ya Kambove, bwana mrefu mpole ambaye kila asubuhi anapaki mbele ya kibanda cha Orpha kana kwamba serikali imempangia pale. Alisimamisha gari, akisema anapoza injini. Mwezi wa saba, kwenye baridi yote hii! Abiria wake wote wakatoa vichwa madirishani. Akaniuliza kwa heshima kabisa ninaelekea wapi. Nikasema Mwadingusha. Akasema yeye anakwenda Kambove, lakini anaweza kunisogeza mpaka rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Abiria walicheka mpaka gari likatikisika.

Nilivuta mpaka walipoondoka. Kioo cha mashine kimekufa, hakionyeshi umbali, lakini kwa hesabu ya mapaja yangu nilifika Kambove na kurudi.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo.

Ieleweke kwanza: kwetu Katanga, bukwe, yaani ukwe, si mchezo. Mukwe hamtazami mama mkwe usoni. Ukimwona njiani unachepuka. Huli mbele yake, huketi naye, na mwili wako asiuone, hata goti. Mimi mila hizi naziheshimu kuliko mtu yeyote mjini. Mwezi wa tano nilimwona Mama Rosalie, mama yake Orpha, kwenye foleni ya mkate, nikatoka bila mkate.

Sasa leo. Niko juu ya rameur, nimevaa bukta ya mpira ya zamani, ile ya bluu iliyochanika. Nimefika kwenye fuuu ya nguvu. Nainua macho: Mama Rosalie anavuka barabara, amekuja mjini kununua beseni, Orpha yuko nyuma yake. Wanakuja hapa hapa! Mlango mmoja. Sikuwa na pa kwenda. Nikajitupa chini, nikavuta godoro, nikajifunika.

Kumbe beseni ni kisingizio, anataka godoro. Na Moussa, badala ya kutumia akili, akatumia biashara. Akamwonyesha lile lile. Mama Rosalie akakaa juu yake kulijaribu.

Nasema amekaa juu yangu! Mama mkwe! Sikupumua. Nilimsikia akilalamika kwamba godoro ni gumu katikati, lina kitu. Moussa akajibu kwamba ni ressort, springi ya Ulaya, inamzoea mtu polepole. Mama akajirusharusha mara kadhaa kuhakikisha. Nikaiona nyota ya asubuhi.

Orpha aliuona mguu wangu. Najua, kwa sababu alikohoa kikohozi cha uongo, akamwambia mama yake kwamba duka jingine lina magodoro mazuri zaidi. Saa moja baadaye akaniandikia kwenye simu: «Bertin, minye nakuomba. Uende kwa Benoît. Kesho.» Nikamjibu kwa picha ya moyo na picha ya mashua.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa, Orpha alinisubiri nyuma ya kanisa. Hakucheka. Akaniambia anaogopa. Baba yake habadilishi neno, na yeye hawezi kumpinga baba yake; nikishindwa Jumamosi, imekwisha, hata kama tutalia wote wawili. Akasema ameshaanza kulia peke yake. Akaniambia pia kwamba Zéphirin alikwenda jana ziwani kumsaidia Benoît kuvuta nyavu, bila kuitwa na mtu, na wazazi wakampa samaki.

Roho iliniuma. Kweli iliniuma. Nilimwangalia Orpha na ile gauni yake ya Jumapili, macho mekundu, nikasema Bertin, weye uko mupumbafu, nenda kwa Benoît sasa hivi. Nikaenda nyumbani kubadili viatu. Ninaishi lupangoni, uani kwa yaya Joëlle, dada yangu mkubwa, na hata yeye alisema kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nimetamka neno la mtu mzima.

Nikatoka. Njia ya kwenda kupanda gari inapita kwa Moussa. Simu ikalia: mwalimu ameweka video mpya! Nikasema nitazame mwanzo tu. Ilikuwa nzuri ajabu. Nilivuta mpaka Fatou alipoanza kufagia chini ya miguu yangu, na gari la mwisho la ziwani lilishaondoka.

Si neno. Zéphirin anavuta nyavu, mimi navuta mnyororo. Tutaona.

Jumatano, 16 Julai

Fikra mpya, na ni ya hali ya juu. Leo nimegundua tofauti kati ya rameur na mtumbwi: mtumbwi hauna kiti cha kuteleza! Mwalimu bila kuteleza angekuwa nani? Si kitu. Kwa hiyo nimechukua ubao mrefu kutoka kitanda cha zamani cha yaya Joëlle, nikaupiga msasa, nikaupaka sabuni ya kufulia. Nimejaribu sakafuni. Ninateleza vizuri kabisa, mpaka nikagonga kabati.

Yaya Joëlle aliingia akanikuta chini, sabuni matakoni. Akasema: «Bertin, minye niko nachoka na weye.» Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hii ni teknolojia. Akaniuliza kitanda chake kiko wapi.

Ijumaa, 18 Julai

Kila kitu tayari. Suti imepigwa pasi. Ubao umefungwa ndani ya shuka ili maadui wasijue.

Kasoro moja. Wazee wanahitaji gari, na magari yote ya ziwani yamekodiwa kwa matanga. Yaya Joëlle akatafuta, akapata moja tu. La Zéphirin. Nilikataa! Nilipiga meza! Yaya akasema basi wazee waende kwa miguu na kreti vichwani. Zéphirin mwenyewe alikuja kunihakikishia kwamba atafika mapema na gari litakuwa limeoshwa. Akaniombea heri ya kesho, tena alinitazama machoni akisema hivyo. Mnafiki mkubwa.

Video ya mwisho nimeitazama mara tatu. Niko tayari kuvuka hata bahari.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika chini ya blanketi mbili. Meno yanagongana.

Tulifika vizuri. Wazee waliongea vizuri. Papa Mwepu alipokea salamu, akavua kofia, akatuongoza mpaka kivukoni. Ukoo wao wote ulikuwa umesimama pale, na ng'ambo, nyumbani kwao, nilimwona Orpha kwa mbali, amesimama mbele ya mlango na wanawake wenzake. Alinipungia mkono. Nikampungia mimi pia, nikihisi kama waziri.

Mama Rosalie akaingia mtumbwini. Kitenge kipya, kilemba kirefu. Akakaa katikati, uso kuelekea nyumbani. Benoît akanionyesha mahali pangu: nyuma kabisa, nyuma ya mgongo wa mama. Ndivyo wanavyokaa wao. Mukwe nyuma, mama mbele, hakuna anayemwona mwenzake. Nikatabasamu. Nikampita mama, nikaenda mbele, nikafunua shuka, nikalaza ubao wangu kwa urefu wa mtumbwi, nikaulowesha kidogo sabuni ishike moto, nikakaa. Mgongo kuelekea nyumbani, kama bingwa. Uso kuelekea nilikotoka.

Yaani uso kuelekea kwa Mama Rosalie. Goti kwa goti.

Mzee wetu mmoja akakohoa. Mama Rosalie akasema: «Yesu Maria! Huyu mutoto iko ananiangalia!» Akavuta kitenge akafunika kichwa chote. Mimi nikafikiri haraka. Nikifumba macho, simwangalii, na bukwe imeheshimiwa. Nikafumba. Nilijivunia akili hiyo.

Benoît akasukuma mtumbwi, tukaenda mbali kwa ule msukumo wake. Nikachovya kafi. Miguu, mgongo, mikono, fuuu! Halafu teleza mbele. Nikateleza. Ubao ulikuwa mzuri kupita kiasi: niliteleza mpaka magoti yangu yakagonga ya Mama Rosalie. Akapiga kelele. Nikaomba radhi, macho yamefungwa. Tena. Miguu, mgongo, mikono, fuuu! Fuuu yote ikamwingia chini ya kitenge. Akaanza rozari kwa sauti.

Nikaongeza nguvu. Nikasikia kelele kutoka kivukoni. Watu wanaita, wanapiga makofi, wanataja jina langu. Nikajua wanashangilia. Benoît alikuwa anapiga kelele nigeuke, nigeuke. Wivu! Na ajabu ni kwamba kadiri nilivyovuta, kelele ziliongezeka. Nikasema watu hawa wamepagawa na furaha kabisa. Nikavuta zaidi. Papa Mwepu nilimsikia wazi, kama yuko kando yangu: «Ee mutoto! Bwato iko inarudia!»

Du! Tumegonga nchi kavu. Nimefika! Nikasimama, mikono juu, macho bado yamefungwa, nikaita kwa sauti ya mtu anayeingia kwa wakwe zake: Hodi! Hodi!

Nikasubiri «Karibu». Nikafumbua macho. Mbele yangu, kreti zetu za bia. Wazee wetu. Yaya Joëlle ameshika kichwa. Zéphirin ameegemea gari lake. Nilikuwa nimerudi kivukoni pale pale nilipoanzia. Nikageuka kutazama ng'ambo, nikakanyaga ubao, na sabuni ikafanya kazi yake. Nilianguka majini mpaka kifuani. Maji ya Julai, jamani!

Nilipotoka, hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Papa Mwepu akauliza polepole nani sasa atamfikisha mke wake nyumbani. Zéphirin akavua viatu, akakunja suruali, akaokota kafi iliyokuwa inaelea, akatoa ubao wangu akauweka nchi kavu. Akaingia nyuma. Mama Rosalie akafunua kichwa. Wakaenda. Safari nzima aliona kilemba tu. Nilitafuta kosa lake tangu mwanzo mpaka mwisho, sikupata hata moja.

Ng'ambo, Orpha alimshika mama yake mkono ateremke. Halafu alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Hakutazama upande wetu tena.

Bia imerudi Likasi. Zéphirin aliniwashia chauffage, joto la gari.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa. Aibu, mafua, na koo.

Orpha amekuja mwenyewe. Nilidhani amekuja kunirudishia neno langu. Amekaa kwenye kiti cha yaya Joëlle, hajalala, midomo imekauka. Amekataa kula tangu jana, akamwambia baba yake kwamba atakataa mpaka anisikilize mara moja zaidi. Orpha! Kwa ajili yangu! Nililia, na si kwa mafua.

Papa Mwepu amelegeza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lakini ni mara ya mwisho. Jumapili ijayo niende mwenyewe, na kuku mweupe mkononi, nimkabidhi Mama Rosalie kuosha macho yake kwa yale aliyoyaona. Siku hiyo hiyo nianze kujifunza kwa Benoît, kila Jumapili, mpaka baba aridhike. Nisipofika, mlango umefungwa. Na Orpha alisema hili akitazama chini: wazee wa kwao wanasema yuko mtu ambaye alishamvusha mama, ingawa yeye hajaomba chochote.

Akanieleza pia kosa, taratibu, kama anavyomweleza mteja kuhusu mkono wa blauzi. Yale makasia ya video yamefungwa kwenye mashua, ndiyo maana ukivuta unakwenda upande wa mgongo. Kafi iko mikononi tu, ukiivuta unakwenda upande wa uso. Alisema: «Kwenye unaangalia, njo kwenye unaenda.» Mtoto wa ziwa, alijua tangu akiwa na miaka mitano. Alikuwa anataka Benoît aniambie tu, basi.

Nikamshika mikono yote miwili. Nampenda huyu mwanamke mpaka mbavu zinauma, na nilimwambia hivyo. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu jana. Aliomba kitu kimoja: Jumapili nije. Nikaapa kwa marehemu mama yangu. Nitakwenda. Hata mvua ya mawe inyeshe.

Jumatano, 23 Julai

Nimepata kuku. Mweupe kabisa, isipokuwa unyoya mmoja, ambao nimeung'oa. Yuko jikoni kwa yaya Joëlle na ananidharau.

Nimepita kwa Moussa kumsalimia tu. Mashine iko pale pale, pweke. Sikuigusa. Niliikalia kidogo.

Jumapili, 27 Julai

Siku kubwa! Naandika nikiwa dukani kwa Moussa, jasho linadondoka kwenye karatasi.

Wiki nzima nilikuwa natafuta kosa langu la kweli, maana maelezo ya Orpha ni mazuri lakini ni ya mtu ambaye hajaziona video. Na leo alfajiri nikiwa navaa viatu vya safari, kuku tayari kwapani, nikalipata! Mashine ya Moussa ilikuwa inatazama barabara ya Kambove. Ziwa liko upande mwingine kabisa! Siku zote hizi nilikuwa najizoeza kurudi. Kumbe kila nilichofanya kilikuwa sahihi, ila upande. Nilikimbia mpaka dukani. Nimeigeuza. Sasa inatazama ukutani, palipo na mabeseni, na nyuma ya ukuta huo, ukienda moja kwa moja, ni Mwadingusha.

Basi kwenda leo kwa Benoît nikiwa bado mpya na upande huu, si kujiaibisha mara ya pili? Bora kwanza nizoee. Jumapili ijayo nitawashangaza. Orpha ataelewa. Yeye ndiye wa kwanza kusema niende upande ninaoutazama.

Suala la kuku nimelimaliza kwa akili. Zéphirin alikuwa anapita kwenda ziwani, kama kawaida yake siku hizi. Nikamsimamisha, nikampa kuku kupitia dirishani, amkabidhi Mama Rosalie kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena, akisema nafasi ya mbele iko wazi na angeweza kunisubiri nivae koti. Nikamwambia aende tu, asimcheleweshe mama. Akazima injini, akakaa, akaiwasha tena, akaondoka. Zéphirin si mtu mbaya, nakiri. Ni mzito kidogo kuelewa.

Na si kwamba sikutimiza ahadi. Moussa amenipiga video ndefu nikivuta, nikitazama upande wa ziwa, fuuu zote zinasikika. Nimemtumia Orpha, nikaandika amwonyeshe Papa Mwepu waihesabu kama Jumapili yangu ya kwanza. Mega zote za wiki zimeishia hapo, lakini kwa mapenzi mtu hahesabu.

Mchana Benoît ameweka picha kwenye status ya simu yake. Mama Rosalie ameshika kuku, anacheka meno yote. Zéphirin amekaa mezani na Papa Mwepu, bukari, ugali wa kwetu, mbele yao, na Orpha anammiminia maji ya kunawa. Amevaa gauni ile ya kijani aliyoshona kwa ajili ya siku yetu ya hodi. Ni vizuri aivae vae kwanza, ilainike. Imempendeza sana.

Sasa hivi jibu lake limefika. Neno moja la Kifaransa: «Bien.» Yaani vizuri!

Nimemsomea Moussa kwa sauti. Moussa akaenda kukunja magodoro. Nimemwomba anichajie simu, kwa sababu mwalimu ameweka video nyingine mpya.